Kilele Kilichotangulia Majira

Gorham, New Hampshire
23 Desemba 1990

Mpwa wangu Solange,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako, ambaye bado anapumua na bado ana meno kumi na tisa ya kwake mwenyewe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko jangwani, wewe na wauguzi wenzako wa hospitali ya mahema. Sisi huku hatujambo. Nimeoka tourtière nne, zile pai zetu za nyama, kwa ajili ya Krismasi, na baba yako keshamaliza moja akidai alikuwa anaonja chumvi. Kwenye kiwanda cha karatasi wamezima mashine namba nne, ile niliyoihudumia miaka thelathini na minane. Nilipita nje ya ukuta nikasikia kimya chake, nikarudi nyumbani bila kununua mkate niliotumwa na tumbo langu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana najua unaruka mistari. Tumeanza. Juzi Ijumaa, tarehe 21, mimi na baba yako, shemeji Alcide, tulipanda kilele cha Kichwa cha Bundi. Kalenda ya muuza mafuta hapa jikoni imeandika kwa wino mwekundu kwamba hiyo ndiyo siku ya kwanza ya majira ya baridi, na sisi hatukutaka kupoteza hata siku moja. Wazo lilikuwa langu. Kile ndicho kibaya kuliko vyote tulivyobakiza: maili kumi na nane kwenda na kurudi, vijito vya kuvuka, na ukifika juu hakuna cha kutazama ila misonobari. Nikasema tukimalize kabla theluji haijafika kiunoni. Tulitoka kwenye gari saa kumi na moja alfajiri, tukarudi saa kumi na mbili jioni. Vimebaki vitano.

Baba yako yuko vizuri. Anatembea polepole kidogo kuliko mwaka jana. Siku hizi anapenda kusimama na kuitazama miti, nami nasimama naye, tunaitazama wote.

Nilimwambia tungeweza kungoja mwakani, wewe ukiwa umerudi. Akanijibu, "Nikikaa nyumbani na ile televisheni, Rosaire, nitakufa kabla vita havijaanza. Bora nipande." Basi tunapanda.

Kula, lala, na usijitolee kwa lolote.

Mjomba wako,
Rosaire Bolduc


Saudia
9 Januari 1991

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha kahawa cha mtu nisiyemjua. Mimi mzima. Chakula ni kilekile, mchanga ni uleule, na ninalala hema moja na Deloris wa Georgia ambaye anakoroma kama msumeno wa baba.

Nilimsomea Deloris barua yako, naye hajawahi kuona theluji inayofika hata kwenye kifundo cha mguu. Ikabidi nimweleze: vilele arobaini na vinane vya New Hampshire, kila kimoja kimezidi futi elfu nne, na vyote vipandwe ndani ya majira ya baridi, kuanzia dakika yanapoingia mpaka dakika yanapotoka, hata kama vitakuchukua miaka kumi. Akauliza wanapewa nini. Nikamwambia kiraka cha kitambaa, cha kushona kwenye begi. Akauliza nani anahakikisha. Nikamwambia hakuna, unaandika tarehe kwenye fomu na watu wanakuamini. Alicheka mpaka akakohoa.

Hata sisi tumepata majira ya baridi. Asubuhi ya tarehe 22 sajenti wa hali ya hewa aliandika ubaoni: "Majira ya baridi yameingia leo saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi. Vaeni makoti." Mchana wake nilifua, nguo zikakauka kwa nusu saa.

Sasa sikiliza, Mjomba. Baba alikata miti miaka arobaini. Hajawahi kuutazama mti ila kukisia utaangukia wapi. Mtu wa namna hiyo akianza kusimama na kutazama miti, mimi muuguzi nauliza: anaposimama, mkono wake uko wapi? Kifuani? Kwenye taya? Uso wake unabadilika rangi? Pumzi inamrudia baada ya dakika ngapi? Nijibu moja moja, usinichanganyie.

Na uniahidi kitu. Ukiona hawezi, umgeuze, hata mkiwa hatua kumi kutoka kileleni. Kwa ajili yake mwenyewe hatageuka. Wewe ndiye unayetembea naye, sina mwingine wa kumwomba.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Tuko mbali na mpaka. Wagonjwa wetu wana malengelenge ya miguu na matumbo ya kuhara.

Mpwa wako,
Solange


Gorham
29 Januari 1991

Mpwa wangu,

Barua yako imefika jana, siku kumi na tisa njiani, na katika siku hizo vita vimeanza. Nakuandikia bila kujua uko wapi wala unafanya nini. Baba yako sasa anayajua makombora yote kwa majina, kama alivyokuwa akiwajua wachezaji wa magongo wa Montreal. Jumapili kanisani padri alitaja jina lako, watu wakageuka kumtazama baba yako, naye akajifanya anatafuta kitambaa mfukoni. Huku ni baridi ya kupasua mabomba. Tumepanda Cabot na tumepanda Carrigain. Vimebaki vitatu.

Ile habari ya sajenti wako nimeisoma mara tatu, kisha nikachukua penseli. Kwenu mko mbele yetu kwa saa nane. Saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi ya tarehe 22 kwenu, huku ilikuwa saa nne na dakika saba usiku wa tarehe 21. Sisi saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumesharudi kwenye gari. Saa nne nilikuwa nimelala fofofo, nimejaa mchuzi.

Unaona tulichofanya? Tulipanda Kichwa cha Bundi kabla majira hayajaingia. Nilimpigia simu mzee mmoja wa klabu ya wapanda milima, nikajifanya namuulizia mtu mwingine. Akaniambia sheria haina mlango wa nyuma: unaanza kutembea baada ya dakika ile, au hukupanda. Tuliyatangulia kwa saa kumi na saba, Solange. Kalenda ya muuza mafuta nimeitia motoni, ikawaka vizuri kuliko ilivyofanya kazi.

Alcide hajui. Nakuomba usimwandikie habari ya ule ubao. Namjua: akijua, atakirudia, na mwezi wa tatu barafu ya vijito inaanza kuwa laini. Mwache amalize vitatu vilivyobaki kwa amani. Mengine tutayaona wakati wa joto.

Maswali yako ya kiuguzi nimeyaona. Baba yako anakula vizuri.

Ahadi uliyoitaka nimeikubali. Nitamgeuza.

Rosaire


Saudia
16 Februari 1991

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mabomba yamepona. Deloris anakusalimu na anauliza kama wewe umeoa, nami nimemwambia uliwahi, ikatosha.

Hukunijibu. "Anakula vizuri" ndilo jibu ninalopewa na ndugu za wagonjwa kila wanaponificha kitu. Nimekaa kando ya vitanda miaka tisa, Mjomba, nalijua jibu hilo hata likiandikwa kwa lugha ya Wachina. Mtu aliyekusudia kunituliza angeandika kwamba mikono ya baba iko mifukoni na uso wake mwekundu kwa baridi. Wewe umeniandikia chakula.

Kuhusu Kichwa cha Bundi, sitamwandikia. Lakini tusijidanganye kwamba tunamfanyia wema tu. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwambia nimefika juu ya Cabot, kumbe nilikaa kwenye kibanda cha njiani nikila chokoleti. Sijui alijuaje. Hakunipiga, hakunisema. Jumamosi iliyofuata aliniamsha gizani, akanipeleka Cabot, akatembea nyuma yangu mpaka juu, akasema, "Sasa umefika." Huyo ndiye tunayemficha.

Huku kimya. Tunacheza karata, tunangoja. Nikipata nafasi kwenye foleni ya simu nitampigia.

Nijibu kuhusu mikono yake.

Solange


Saudia
28 Februari 1991

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa ufupi. Mmesikia kwamba vita vimekwisha. Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, nimechoka na mchanga umeingia hata kwenye kalamu. Nilishindwa kupiga simu, foleni ni ndefu. Mwambie baba ninampenda na asiwe na haraka yoyote.

Mmebakiza vingapi?

Solange


Gorham
9 Machi 1991

Mpwa wangu Solange,

Tunamshukuru Mungu kwa vita kwisha. Kengele za kanisa zililia mpaka mbwa wa jirani akajificha chini ya gari. Ndoo za kukinga utomvu mtamu wa miti ya maple zimetundikwa, mchana theluji inadondoka mapaani, jioni inaganda tena.

Jumamosi iliyopita, tarehe 2, mimi na baba yako tulifika juu ya Isolation, ambacho kwa hesabu yake ni cha arobaini na nane. Alivua glavu, akanishika mkono rasmi kama mkuu wa shule, kisha akageukia upande mwingine akalia. Nami nililia, ila kwa sababu nyingine, na sijawahi kujisikia mwongo kama siku ile. Alisema, "Laiti Jeannine angeona." Huyo ni dada yangu, marehemu mama yako, na baba yako hulitaja jina lake mbele yangu mara moja tu kwa mwaka. 

Sasa jambo. Barua yako ya tarehe 28 imefika jana, siku nane tu njiani. Kabla sijaisoma niliishika, na mikono yangu ikajua. Nimetengeneza karatasi miaka thelathini na minane. Karatasi yetu, ile uliyokuwa ukiniandikia siku zote, ina upana wake na urefu wake, na ningeweza kuikata nikiwa nimefumba macho. Hii ya jana ni nyembamba kwa upana wa punje ya mahindi, na ndefu kuliko yetu kwa zaidi ya nusu inchi. Ndivyo wanavyokata Ulaya. Jeshi letu haliwezi kukupa karatasi hiyo huko jangwani. Nikaiinua dirishani: safi, nyeupe, haina hata chembe ya mchanga, na wewe unasema mchanga umejaa kwenye kalamu. Na herufi zako, ambazo tangu shule zinalala kulia, sasa zinalala kushoto.

Hauko Saudia, Solange. Uko Ulaya, na unaoshika kalamu ni mkono wako wa kushoto.

Tufanye hivi. Ukweli kwa ukweli, na naanza mimi. Anaposimama kutazama miti, mkono wake unakuwa hapa, juu ya mfupa wa kifua. Uso wake unakuwa na rangi ya majivu. Pumzi inamrudia baada ya dakika nne. Mwezi wa kwanza zilikuwa mbili. Tangu Oktoba anaweka kidonge chini ya ulimi. Daktari amesema apasuliwe, naye amesema atapasuliwa ukirudi, si kabla. Aliniapisha kwenye kaburi la mama yako nisikuambie. Nimevunja kiapo hicho asubuhi hii, na sijutii.

Sasa zamu yako. Alcide sijamwambia neno kuhusu karatasi.

Mjomba wako,
Rosaire


Ujerumani, hospitali ya jeshi
17 Machi 1991

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imezungukia jangwani kwanza, imenifikia leo. Umenishika.

Si kombora. Ningependa iwe kombora, ningekuwa na hadithi. Tarehe 19 Februari tulikuwa tunahamisha wagonjwa, vumbi limefunga barabara, dereva hakuona shimo. Gari la wagonjwa lilipinduka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kati ya mlango na machela. Vidole viwili wamevikata, cha pete na cha mwisho, na cha kati hakijui kama kinataka kubaki. Mgonjwa wangu hakupata hata mchubuko, na hilo najivunia. Nilitia sahihi wasimjulishe baba. Simu zipo hapa, hakuna foleni. Sikupiga kwa sababu nikisikia tu sauti yake ikisema "Allô" ningelia, naye angejua.

Sijui kama muuguzi anaweza kuchoma sindano kwa vidole vitatu. Hakuna anayetaka kunijibu. Wananiambia ninakula vizuri.

Nimesoma mistari yako kuhusu kifua chake mara nyingi. Dakika nne ni mbaya, Mjomba. Asipande chochote, hata ngazi za kanisa. Na usimwambie habari zangu mpaka nifike, nakuomba. Akisikia kwa mtu mwingine moyo ule hautastahimili.

Solange


Gorham
19 Machi 1991

Mpwa wangu Solange,

Sijapata jibu lako, na sikungoji tena. Baba yako yuko hai. Natanguliza hilo ili usome mengine umekaa.

Jumapili baada ya misa alikuja kwangu na fomu mbili. Tukakaa jikoni, tukajaza. Yeye alisoma tarehe kutoka kwenye kijitabu chake, nami nikaandika kwenye yangu. Tulipofika Kichwa cha Bundi akasema, "Desemba 21." Akaandika. Mimi kalamu ikasimama. Solange, nimekudanganya wewe, nimemdanganya yeye, nimemdanganya hata mzee wa klabu kwenye simu. Nilidhani na ile fomu itanipita. Haikunipita. Nikaruka mstari, nikaenda kwenye Cabot. Yeye akaiangalia fomu yake, akaiangalia yangu, akaniuliza kwa nini mstari wangu uko wazi. Nikampa barua yako ya Januari. Alisoma habari ya ubao, akahesabu kwa vidole, akavaa koti. Mlangoni alisema tu kwamba supu ilikuwa na chumvi nyingi.

Jana asubuhi gari lake halikuwepo uani. Niliendesha saa mbili, nikalikuta kwenye maegesho ya mwanzo wa njia ya Kichwa cha Bundi, kioo kimeganda, na nyayo za viatu vya theluji zimeingia msituni. Nyayo za mtu mmoja. Kila baada ya muda fulani zilikuwa zimekanyagana mahali pamoja, mahali aliposimama. Mwanzoni zilikuwa mbali, kisha zikawa karibu, karibu zaidi. Nilizihesabu, nikaacha kuhesabu. Kwenye kijito cha pili barafu ilikuwa imevunjika upande mmoja, nikasimama pale nikimwita kama mwendawazimu. Nyayo zikaonekana ng'ambo. Nilivuka, maji yakinifika magotini.

Nilimkuta saa saba mchana, chini ya mteremko wa mwisho, amekaa juu ya gogo. Uso majivu. Kichupa cha vidonge kilikuwa juu ya goti lake, kimebaki na kimoja.

"Umechelewa," akaniambia. "Nilijua utakuja."

"Shuka, shemeji."

"Imebaki maili moja. Kesho kutwa majira yanatoka. Nikishuka leo sipandi tena, wewe unajua na daktari anajua."

Nikamwambia nimekuahidi. Akasema ahadi yangu anaiheshimu lakini hakuitoa yeye. Akasema wewe uko salama sasa, vita vimekwisha, na utakaporudi utamuuliza kama amemaliza, naye hawezi kukujibu ndiyo wakati ni hapana, wewe ambaye yeye mwenyewe alikurudisha Cabot. Akasimama. Akaweka kile kidonge cha mwisho chini ya ulimi, akageukia mlima. Nilimshika begi. Ana miaka sitini na sita na moyo mbovu, na bado alinikokota hatua mbili.

Hapo nikasema. "Alcide, Solange hayuko jangwani."

Akasimama bila kugeuka.

"Yuko Ulaya. Nadhani hospitalini, na si kama muuguzi. Barua yake ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi ya huko."

Mtu mwingine yeyote angeniuliza, wewe mzee unajuaje. Baba yako alipeleka magogo kwenye kiwanda chetu miaka arobaini, ananijua. Aliuliza tu, "Nyembamba kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akakitazama kile kipimo kwa muda mrefu.

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Herufi zinalala kushoto."

Akarudi kukaa juu ya gogo, akafunga upya kamba za viatu, polepole, kimoja halafu cha pili. Alipoinuka alikuwa amegeukia upande wa gari.

"Ungeniambia nikiwa nyumbani, Rosaire, nisingepanda," akasema.

Nilisema najua. Ndiyo maneno yote tuliyozungumza kwa maili nane. Kila aliposimama nilisimama, na safari hii hatukujisingizia kutazama miti. Kwenye kijito nilimbeba mgongoni, na akakubali, ndipo nikaogopa kweli. Nilimpeleka hospitali moja kwa moja na nguo mbichi. Yuko huko sasa. Ananiruhusu nikae chumbani, ila bado hajanisemesha.

Uliniambia nimgeuze hata kama zimebaki hatua kumi. Nimemgeuza ikiwa imebaki maili moja, kwa kutumia siri yako. Ukitaka kunikasirikia, jipange foleni nyuma yake.

Rosaire


Ujerumani
27 Machi 1991

Mjomba,

Shikamoo. Sikukasirikii. Barua yako imefika leo, na Jumapili baba alikuwa ameshanipigia. Sijui alimsumbua nani mpaka akaipata namba ya wodi. Alisema "Allô," nikalia, naye akalia, tukamaliza dakika saba hivyo hivyo, na muuguzi wa zamu akadhani nimefiwa.

Aliniuliza vidole vingapi. Nikamwambia. Akasema wakata miti wawili aliofanya nao kazi walikuwa na vichache zaidi na walipiga fidla harusini kwake. Kisha nikamuuliza kuhusu kifua, akasema anakula vizuri. Familia hii haitapona.

Nitasafirishwa tarehe 10 Aprili. Hapa hawaniambii kitu kuhusu baba kwa sababu si mgonjwa wao. Wewe niambie. Watampasua lini? Daktari anasema nini? Nitamkuta? Na zile fomu zimeishia wapi?

Andika yote. Usiniandikie chakula.

Solange


Gorham
2 Aprili 1991

Mpwa wangu Solange,

Salamu kutoka kwa wazee wawili ambao tangu jana wanasemeshana. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba nilimbeba vibaya kwenye kijito na mbavu zinamuuma. Nimemwomba radhi. Theluji imebaki kwenye vivuli tu, na utomvu umekwisha.

Najibu moja moja, kama ulivyonifundisha.

Fomu tumezituma leo, zote mbili katika bahasha moja. Kila moja ina tarehe arobaini na saba na mstari mmoja mtupu. Alifuta Desemba 21 kwa wembe, taratibu, bila kuichana karatasi, na mimi najua ugumu wa kazi hiyo. Niliuliza kwa nini tuzitume wakati hatukumaliza. Akasema ili wajue tulikuwepo.

Watampasua keshokutwa Alhamisi asubuhi. Daktari anasema mishipa mitatu imeziba na alipaswa kuja mwaka jana. Baba yako alimwomba ingoje mpaka tarehe 10, ukifika. Daktari akakataa, nami nikamuunga mkono daktari, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya mbavu kumuuma.

Amenipa kijitabu chake nikutunzie. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Desemba 22, saa tisa na dakika hamsini na nne usiku." Alimpigia mtu wa kituo cha nyota kuulizia majira yajayo yanaingia dakika gani. Chini yake ameandika majina matatu, na lako ni la kwanza.

Jioni hii nilikaa naye mpaka wakanifukuza. Alikuwa ameishika barua yako ya karatasi ya Ulaya, anapima ukingo wake kwa kidole gumba, huku na huku, bila kuisoma.

Umeniuliza kama utamkuta. Nimemuuliza daktari mara mbili, na mara zote mbili alitazama viatu vyake. Hili sikufichi, mpwa wangu. Sijui.

Mjomba wako,
Rosaire